Bunduki Iliyotafutwa Siku Mbili

Jumamosi, 12 Machi 1988
Mvua bado. Daftari hili nililinunua sokoni Otonglo kwa maandalio ya masomo, lakini leo baba amenipa kazi ambayo siwezi kumweleza mwalimu mwenzangu yeyote, na mtu wa miaka hamsini na miwili akikosa wa kumweleza huieleza karatasi. Beldina, mke wangu, ameniona nikiandika akauliza kama nimeanza kujiandikia barua mwenyewe. Nimemwambia ndiyo, na majibu yanachelewa.

Baba aliniita nyumbani kwake asubuhi. Ana miaka tisini, au karibu, maana aliyemzaa hakuwa na kalenda. Alinituma nipande kwenye dari nishushe kitu kirefu kilichofungwa gunia, na ndani ya gunia blanketi, na ndani ya blanketi kitambaa kilicholowa samli. Nilikijua. Katika boma letu kila mtoto amekua akisikia habari za bunduki ya Kisii, ila hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Mwaka 1914, Wajerumani walipovuka kutoka Tanganyika wakapigana na Waingereza pale Kisii, baba, kijana wa miaka kumi na sita, aliinyang'anya mikononi mwa askari wao. Hadithi hiyo imenilea. Nadhani ndiyo iliyonifanya mwalimu wa historia, kwa hiyo ina lawama zake.

"Nikifa," baba alisema, "siku ya tero buru utaibeba hii mbele ya watu wote."

Tero buru ni siku wanaume wanapotoka na ng'ombe, mikuki na vumbi kukifukuza kifo bomani. Nilimwambia wazee wengine wanatosheka na mkuki.

"Wazee wengine hawana deni langu," akasema, akanifukuza nikamletee chai.

Jumamosi, 19 Machi
Baraza kwa chifu. Silaha zote zisizo na leseni zirudishwe kabla ya tarehe 31 Mei. Atakayerudisha hataulizwa kitu. Atakayekutwa nayo baada ya hapo ataulizwa sana. Watu walicheka kwa adabu. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, na nikaona aibu hiyo njia nzima ya kurudi.

Jumapili, 20 Machi
Gordon, mdogo wangu, amekuja kutoka Kisumu, anakofanya kazi kiwandani. Shauri lake ni fupi: "Tupa ziwani."

"Ni ya baba."

"Na jela itakuwa ya nani, Mwalimu? Baba hawezi hata kupanda Land Rover ya polisi. Watakuchukua wewe. Una kitambi, utaenea vizuri pale mbele."

Nimepata wazo bora kuliko la Gordon. Huwa napata mawazo bora, na nyumba hii imeyavumilia kwa miaka mingi. Nitaandika historia ya bunduki hii, safi, yenye tarehe, nimpelekee D.O., mkuu wetu wa tarafa, na kuomba iachwe kwetu kama kumbukumbu ya familia. Serikali inapenda karatasi. Mimi najua kuandika karatasi.

Jumatano, 23 Machi
Matone matatu. Nimeyahesabu.

Jumamosi, 26 Machi
Nilipanda baiskeli hadi Maseno kusoma vitabu katika maktaba ya chuo. Kilima kile kilinikumbusha kwamba nami ni kumbukumbu ya familia.

Nimejifunza mengi. Palikuwa na ndugu wawili mafundi huko Ujerumani, ukoo wa Mauser. Mwaka 1871 jeshi lao lilipokea bunduki ya hao ndugu: risasi moja kwa wakati mmoja, baruti nyeusi, moshi kama wa tanuri la matofali. Walitengeneza nyingine, na nyingine, hadi 1898 ikaja ile iliyowatosheleza. Risasi tano tumboni, baruti isiyotoa moshi, na bolti, kile chuma chenye mkono unachovuta nyuma na kusukuma mbele, yenye meno matatu ya kushikilia mlipuko. Nusu ya dunia iliiga. Vita vilipoanza mwaka 1914 askari wengi wa Wajerumani upande wa Tanganyika bado walikuwa na zile kuukuu za moshi. Mpya zilikuja baadaye, katika meli mbili zilizopenya kwenye kizuizi cha Waingereza, moja 1915 na nyingine 1916.

Nikawaza: basi baba alibahatika kunyang'anya mpya siku za mwanzo kabisa. Niliwaza hivyo kweli. Wanafunzi wananiita Mwalimu Tarehe, na nilirudi nikiteremka kilima huku nikipiga mluzi.

Jumanne, 29 Machi
Mvua imeanza saa tisa alasiri, kama mtu aliyechelewa mkutanoni anayetaka aonekane.

Baba alikuwa amelala. Nilichukua mafuta ya taa na mswaki wa zamani nikaisafisha bunduki juu ya meza yake. Ni kitu kizuri, na kuandika hivyo kunaniudhi. Kila kipande kimepigwa nambari 46: bolti, kifuniko cha tumbo, hata skrubu. Ukiifungua ukatawanya vipande sokoni, bado ungejua ni vya mama mmoja. Penye mzizi wa mtutu, chini ya samli ya miaka sabini, nimeona taji. Chini ya taji, jina la mji wa kiwanda, Danzig. Chini ya Danzig, 1915.

Nimesugua tena. 1915.

Vita vya Kisii vilikuwa Septemba 1914.

Jumatano, 30 Machi
Sijalala vizuri. Beldina ameuliza kama ni tumbo. Nimesema ni Danzig. Ameniletea maji ya chumvi.

Jumapili, 3 Aprili. Pasaka
Nitaandika kama ilivyokuwa, bila kujipaka mafuta.

Baada ya kanisa, pasta na wazee sita walikuja kula kwa baba. Kuku wawili, samaki, kuon, ugali wa mtama, jinsi anavyoupenda. Pasta akasema, "Mzee Joram, tupe ile ya Kisii." Baba akaweka mkono kifuani akaanza. Nimeisikia mara mia mbili. Akafika pale askari anapoelekeza mtutu na baba anaushika kwa mikono miwili, wazee wanaitikia, nami nina mfupa mkononi na shibe kichwani, nikasema:

"Lakini baba, siku ile bunduki hii ilikuwa bado mti msituni na chuma ardhini. Imeandikwa yenyewe, 1915. Labda uliinyang'anya kwa fundi."

Walicheka. Pasta alicheka hadi akatoa miwani. Mzee mmoja akasema, "Joram, umepewa sifuri na mwanao." Nami nikacheka, maana kichekesho kilikuwa changu na kilikuwa kimefaulu.

Baba alimaliza kula. Alinawa mikono polepole, kidole kwa kidole. Kisha akasema, "Mwalimu amesoma," akaingia chumbani.

Miaka ishirini na saba nimetembea na kalamu nyekundu. Leo nimesahihisha daftari la mtu ambaye hakuniletea.

Jumanne, 5 Aprili
Nimepeleka barua kwa D.O. Kurasa mbili. Nimeeleza ndugu mafundi, 1871, 1898, zile meli mbili. Nimeandika kwamba familia iliamini bunduki ilipatikana Kisii, ila ushahidi wa muhuri unakanusha. Nimetaja nambari 46 na vipande vyote vinavyoibeba. Nafikiri ni insha nzuri kuliko zote nilizoandika. Karani aligonga muhuri bila kuisoma.

Ijumaa, 8 Aprili
Mvua. Baba hali na mimi. Anapokea sahani kutoka kwa Beldina, nami nikiingia anageuka kulisikiliza paa.

Jumatatu, 11 Aprili
Mvua.

Alhamisi, 14 Aprili
Mvua. Mahindi yamesimama majini kama wanafunzi waliochelewa. Nilikwenda kwa baba kumwomba msamaha nikaishia kuzungumzia mbolea.

Jumatano, 20 Aprili
Leo ameniita mwenyewe. Ilikuwa saa sita mchana, mvua inapiga bati mpaka ilibidi nikae karibu na mdomo wake. Nimejaribu kuyashika maneno yake kama alivyoyatoa.

"Ulisema kweli," akasema. "Siyo Kisii. Kisii nilijificha ndani ya mtama nikaona moshi, basi. Tulichukuliwa na Waingereza mwaka 1917, kubeba mizigo. Mimi na kaka yangu Rading."

Hapa niseme kwamba mimi ndiye Dishon Rading. Nimeitwa kwa jina la baba yangu mkubwa, ambaye sote tumeambiwa alibaki Tanganyika, akaoa huko, akasahau kwao. Nyanya yangu, mama yao, alikufa akiulizia barua yake.

"Tulipelekwa kusini, nyuma ya Lindi. Palikuwa na vita vikubwa, na baadaye bunduki za waliokufa zikakusanywa tuzibebe hadi pwani. Sita kila mtu, kichwani. Rading alikuwa anaharisha damu. Siku ya tatu akaanguka. Nikamwambia mzungu wa mizigo, bwana, niruhusu niweke hizi chini nimbebe kaka yangu. Alikuwa na kitabu. Akafungua kitabu akanionyesha. Bunduki ziko humu ndani, akasema, kila moja na nambari yake. Huyu hayumo."

Baba akafumba macho. Nikadhani amechoka.

"Sita zake zikagawiwa watu. Mimi nikaongezwa moja, zikawa saba. Nikaondoka nazo. Rading aliketi chini ya mti ananiangalia. Hakuniita. Angeniita ingekuwa rahisi."

"Baba."

"Ngoja. Jioni tulipofika kambini nilichukua ile ya kwake, ya saba. Nikalegeza skrubu mbili kwa kisu, nikatenga mti na chuma, nikavifunga ndani ya mkeka wa Rading. Lindi walipohesabu ikapungua moja. Walitusimamisha juani. Wakarudisha watu njiani, wakapekua nyasi, wakapiga watu. Bunduki ile ilitafutwa siku mbili, nyathina, mwanangu. Siku mbili. Rading hakuulizwa na mtu hata mmoja."

Mkeka haukupekuliwa. Ulikuwa unanuka maradhi ya Rading, hakuna aliyetaka kuugusa.

Alipofika nyumbani mama yake alisimama langoni akitazama nyuma yake, kuona nani anafuata. Baba alishindwa kumwambia. Akasema Rading amepata mke. Na kwa sababu kijiji kilitaka kujua bunduki imetoka wapi, akasema Kisii.

Sasa ndipo ninapojiona mjinga mwenye cheti. Kwetu mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, watu huchukua tunda la yago, lile refu zito linaloning'inia kwa kamba yake mtini, wakalizika badala yake. Rading hakuzikiwa yago kwa sababu alikuwa ameoa Tanganyika. Lakini jina langu ni jina la juogi, la roho ya marehemu, na kwetu jina hilo hapewi mtu mpaka mwenyewe awe amekufa na amekuja ndotoni kulidai. Nimelibeba miaka hamsini na miwili. Nimewauliza wanafunzi maelfu kwa ushahidi gani, na sikuwahi kuuliza kwa nini ninaitwa kwa jina la mtu aliye hai.

"Mdogo hamtangulii mkubwa kaburini," baba akasema. "Mchimbie Rading kwanza. Weka bunduki ndani yake. Ndicho kitu chake pekee kilichorudi. Halafu mnichimbie mimi."

Nikasema ndiyo, baba.

Sikumwambia kuhusu barua.

Alhamisi, 21 Aprili
Nimekwenda kwa D.O. kuiomba barua yangu irudi. Karani, yuleyule, alifungua faili, akafunga. "Imeshapelekwa polisi, Mwalimu. D.O. alisema imeandikwa vizuri sana."

Jumamosi, 23 Aprili
Beldina anasema nimweleze baba. Nitamweleza kesho.

Jumanne, 26 Aprili
Mvua. Kesho.

Jumapili, 1 Mei
Baba ameanza kula nami tena. Leo ameniwekea kipande cha mgongo wa samaki, kama nilipokuwa mdogo. Nitawezaje kumwambia mtu anayekupa mgongo wa samaki?

Jumatano, 4 Mei
Shule imefunguliwa. Kidato cha tatu, Vita vya Kwanza vya Dunia. Nimewapa mtihani wa ramani.

Jumapili, 8 Mei
Baba alikuwa kanisani, amebebwa kwa kiti na vijana wa kwaya. Nimeishusha bunduki. Vuta mkono wa bolti nyuma, fungua kidude cha kushoto kwa kidole gumba, na bolti nzima inatoka mkononi mwako kama samaki kwenye ngozi yake. Beldina ameificha bolti kwenye debe la unga wa mtama. Polisi wakija wachukue mti na bomba. Hiki chenye meno, kilichokuwa moyo wake, kitabaki kwa Rading.

"Sasa mwambie mzee," akasema Beldina, mikono yake imejaa unga.

"Kesho."

"Wewe na kesho yako mngeoana."

Jumatano, 18 Mei
Walikuja saa nne. Land Rover ilikwama langoni, na mimi, nikiwa raia mwema, nilisaidia kuisukuma iingie kwangu.

Inspekta Shitanda ni mtu wa Kakamega, mpole, mwenye mafua. Alikuwa na barua yangu mkononi, imekunjwa mara nne.

"Mwalimu, ni wewe uliandika hii?"

"Ni mimi, afande."

"Nimesoma mara mbili. Ile ya meli ilinifurahisha." Akapenga kamasi. "Sasa, iko wapi?"

Baba alikuwa kitandani, mlango wa chumba uko wazi. Konstebo aliifunua bunduki palepale mbele yake. Baba aliangalia gunia likienda huku, blanketi kule. Kisha akaniangalia mimi, na sikuona hasira. Alionekana kama mtu anayejaribu kukumbuka amemwona mtu wapi.

Shitanda aliweka kidole kwenye tundu. "Bolti?"

"Haina bolti, afande."

"Umeandika hapa. Bolti, nambari arobaini na sita."

Ndipo nikafanya kitu ambacho sijakifanya darasani hata siku moja.

"Niliandika kutoka kitabuni. Bolti ilipotea zamani, pale Kisii. Septemba 1914, mzee alipomnyang'anya yule askari."

Shitanda aligeuza ukurasa. "Lakini hapa unasema si Kisii. Muhuri sijui unakanusha."

"Nilikosea. Mzee ndiye aliyekuwepo. Mimi nilikuwa na vitabu tu."

Alinitazama muda mrefu juu ya leso yake. Sijui alijua nini. Akasema, "Basi wazee waheshimiwe," akaandika.

Nilipogeuka, baba alikuwa ameelekea ukutani.

Nimelifikiria jambo hili mchana kutwa. Nilidhani ninalipa. Lakini aliyelala pale alikuwa amekaa miaka sabini na mmoja kabla ya kutamka kwamba haikuwa Kisii, na mtu wa kwanza aliyemwambia amemrudisha Kisii mbele ya polisi. Ama alisikia mwana akimdhihaki mara ya pili, au alisikia Rading akirudishwa Tanganyika na mke wake wa uongo. Kuhusu bolti hakujua.

Gari lilipoondoka nilikimbia kwa Beldina kuchukua debe nimwonyeshe. Niliingia na unga mpaka kwenye viwiko. Alikuwa amefumba macho. Nikamwekea bolti mkononi, nikamwambia, baba, hii hapa, imebaki, ni ya Rading. Vidole havikushika. Mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja.

Alhamisi, 19 Mei
Daktari anasema ni mshipa wa kichwani. Hasikii, au anasikia ila hawezi kuonyesha. Nimemwambia kuhusu bolti mara kumi. Nahesabu.

Jumanne, 24 Mei
Alfajiri. Mzee Joram Oduor, baba yangu.

Ijumaa, 3 Juni
Mvua ilikatika kwa siku mbili, za kutosha.

Asubuhi tulimzika Rading. Kaburi fupi karibu na lango, mahali ambapo simba yake, nyumba ya kijana asiyeoa, ingesimama. Pasta hakutaka kusimamia mazishi ya tunda. Akakaa kwenye hema akinywa chai, na sikumlaumu. Gordon alileta yago kutoka kwenye mti ulio upande wa Maseno, amelibeba begani kama mtoto aliyelala. Tukalifunika blanketi. Nikaichomeka bolti kando yake. Nilikuwa nimeifuta samli ili nambari isomeke.

"Angetaka kujua umeficha hii," Gordon akasema. Kwa mara ya kwanza hakuongeza kichekesho.

"Nilikuwa nimwambie kesho," nikasema.

Tero buru ilitoka saa nane. Ng'ombe, vumbi kidogo, tope nyingi. Mbele ya wote mwana wa kwanza mwenye kitambi, amebeba fimbo ya mkuyu iliyokatwa asubuhi ile kwa urefu wa bunduki. Mzee mmoja, yule wa sifuri, alikuja akitembea kando yangu. "Ile ya Kisii iko wapi?" akauliza.

Ningeweza kumwambia yote. Nilikuwa na tarehe zake zote.

"Polisi wameichukua," nikasema.

"Walitafuta muda mrefu?"

"Hapana, mzee. Niliwaandikia."

Saa kumi tukamzika baba, wa pili, kama alivyotaka.

Jumamosi, 11 Juni
Nimepata stakabadhi kutoka kituoni, imegongwa mihuri miwili: Bunduki moja, ya Kijerumani, kuukuu, bila bolti. Imeandikwa katika kitabu chao. Kwa hiyo imo tena kitabuni.

Fundi ameleta kibao cha lile kaburi la langoni. Nilimwagiza aandike jina na mwaka tu. Alipokisimamisha aliniangalia, akaangalia kibao, akaniuliza kama nina hakika, maana si kila siku mtu analipia kibao chenye jina lake.

Rading. 1917.

Nikamwambia nina hakika ya mwaka.